Fulana ya kibaharia kwa stensili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye fulana safi, jioni moja ya nafasi na hamu ya kuvaa nanga kifuani. Mengi ya maswali haya huulizwa na watu waliokwisha kuharibu fulana moja, kwa hiyo nimekaa zaidi pale mambo yanapoharibika.

Stensili ni nini, na inanisaidia nini?

Ni karatasi au plastiki iliyokatwa matundu yenye umbo la mchoro. Unailaza juu ya kitambaa, unapaka, na rangi inapita kwenye matundu tu. Asiyejua kuchora anapata ukingo ulionyooka, na anayetaka fulana tatu zinazofanana anazipata bila kuchora mara tatu. Alama za baharini zinaelewana na stensili kuliko michoro mingi: nanga, usukani, dira na tanga ni maumbo yenye kingo wazi, yanatosheka na rangi moja au mbili, wala hayahitaji vivuli.

Nahitaji vifaa gani?

Fulana, rangi ya kitambaa, karatasi au plastiki ya kukatia, kisu chembamba chenye wembe mpya, kitu kigumu cha kukatia juu yake, sifongo au brashi fupi yenye nywele ngumu, utepe wa karatasi, pasi na kipande cha kadibodi. Kadibodi ndiyo watu huisahau. Inaingia ndani ya fulana, kati ya mbele na mgongo, ili rangi isipenye hadi upande wa pili. Fulana yangu ya kwanza ilipata nanga mbili kwa sababu hiyo, moja kifuani na nyingine hafifu mgongoni, na ile ya mgongoni haikutoka tena.

Fulana ya aina gani inafaa?

Pamba tupu, au pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo, iliyofumwa kwa karibu na yenye uso laini. Fulana yenye matundumatundu au mistari ya kufuma iliyoinuka huacha rangi ikiteleza chini ya stensili.

Ifue kwanza hata kama ni mpya. Nguo mpya huja na dawa za kiwandani zinazoizuia rangi isishike, na pamba hunywea inapofuliwa mara ya kwanza. Ukiipaka kabla ya kufua, mchoro utajikunja pamoja na nguo. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, maana nayo huacha utando. Ikikauka, ipige pasi hadi isiwe na kunjo hata moja.

Rangi gani? Naweza kutumia rangi ya kuchorea picha niliyonayo?

Rangi ya kitambaa iliyotengenezwa kwa maji ndiyo rahisi kuliko zote. Rangi ya akriliki ya kuchorea picha nayo inaweza kutumika, ila ikiwa peke yake hukauka ikawa ngumu na kupasuka nguo inapovutika. Dawa yake ni kimiminika cha kuchanganyia rangi za kitambaa, ambacho huuzwa pamoja na rangi za sanaa: kwa kawaida sehemu 1 ya kimiminika kwa sehemu 2 za rangi, lakini soma chupa yako. Rangi ya ukutani iache ukutani.

Usiongeze maji. Rangi nyepesi hunyonywa na nyuzi na kutambaa nje ya mchoro.

Bluu ya kibaharia naipataje?

Anza na bluu, ongeza nyeusi tone moja moja, ukijaribu kwenye kitambaa chakavu baada ya kila tone. Nyeusi ina nguvu kuliko unavyodhani. Maofisa wa jeshi la maji la Uingereza walipewa sare ya bluu mwaka 1748, na tangu hapo bluu iliyoiva imehusishwa na mabaharia karibu kila mahali. Bluu hiyo juu ya nyeupe haihitaji msaada wa rangi nyingine. Ukitaka ya tatu, weka nyekundu, na iwe mahali pamoja tu.

Nichague mchoro gani?

Hapa ndipo ningependa usiharakishe. Kila alama ya bahari ni chombo cha kazi, na mchoraji aliyekielewa chombo hukichora vizuri zaidi, hata akirahisisha.

Usukani wa duara una mikono inayopita nje ya gurudumu, kwa kawaida minane, ili msukani apate pa kushika. Kwenye meli za zamani mkono mmoja ulitiwa alama, mara nyingi kwa kamba iliyosukwa, ili ajue kwa kupapasa tu kwamba usukani umenyooka. Ukiupaka mkono mmoja rangi tofauti, umechora jambo la kweli.

Dira ya jadi imegawanywa sehemu 32, kila moja nyuzi 11.25. Kwa fulana, nyota ya ncha 8 inatosha. Ncha 32 zitakuwa nyembamba mno kukatika vizuri. Nne kubwa, nne ndogo kati yake. Kuhusu herufi, Kiswahili kinatuletea kazi: Kaskazini na Kusini zote zinaanza na K, Mashariki na Magharibi zote na M. Mimi siandiki herufi kabisa. Natia alama kaskazini peke yake, kama walivyofanya watengenezaji wa dira wa zamani waliokuwa wakichora ua la yungiyungi kwenye ncha hiyo. Mwenye kujua kaskazini amezijua zote.

Chombo chenye tanga la pembetatu ni rahisi kuliko vyote: mwili mmoja, mlingoti, tanga. Angalia upepo tu. Ukiweka bendera juu ya mlingoti wa chombo kinachosukumwa na upepo wa nyuma, bendera ielekee upande uleule tanga linakotuna. Michoro mingi huipeperusha kinyume, na mtu aliyewahi kukaa omo, yaani mbele ya chombo, ataliona kosa hilo kabla hajaona rangi.

Nanga nayo inachorwaje ionekane nanga kweli?

Nanga tunayoiona kwenye nguo ni baura, ile ya chuma yenye makombe mawili, yaani mabapa ya kuchimbia chini. Kutoka juu: pete ya kufungia amari (kamba ya nanga), fimbo ya kukingama, mti wa katikati, kisha mikono miwili iliyopinda inayoishia kwenye makombe yenye ncha. Kwenye baura halisi ile fimbo ya juu haiko upande mmoja na mikono. Imekingama kwa pembe mraba, ili baura ikifika chini ilazwe vibaya makusudi, igeuke, na kombe moja lichimbe mchanga. Kwenye mchoro tunailaza bapa ili ionekane, na hilo linakubalika. Lisilokubalika ni kuisahau, au kuifunga kamba kwenye mikono ya chini. Amari hukaa kwenye pete.

Mti wa katikati ufanye mrefu kidogo kuliko upana wa mikono, na makombe uyanenepeshe kuliko unavyoona inafaa, kwa sababu kitambaa hula ncha nyembamba. Ukitaka kamba inayojizungusha kwenye nanga, ifanye ipite mbele ya mti, ipotee nyuma, itokee tena. Kila inapopita mbele, acha ufa mwembamba usiopakwa rangi pande zote mbili. Ufa huo ndio unaoliambia jicho kwamba kuna kamba. Pambo hilo ni zuri na ni la zamani, ingawa baharini nanga iliyonaswa na kamba yake ni taabu.

Kwa nini katikati ya herufi O hudondoka ninapokata?

Kwa sababu hakuna kinachokishika. Kila umbo lenye tundu ndani, kama pete ya nanga, gurudumu la usukani, herufi A, B, D, O, P na R, linahitaji vijidaraja: vipande vyembamba visivyokatwa vinavyounganisha kisiwa cha ndani na karatasi ya nje. Upana wa milimita 3 hadi 4 unatosha. Pete ipe viwili, kushoto na kulia. Gurudumu lipe pale mikono inapoliingilia, ndipo vitaonekana kama viungio vya mbao. Kijidaraja kilichofikiriwa mapema huwa pambo, nacho kilichobanwa dakika ya mwisho huonekana kama kosa.

Usipovitaka, kuna njia nyingine kwenye jibu linalofuata.

Stensili niikate kwenye nini?

Kwa fulana moja hadi tatu, napenda karatasi ya friza: karatasi ya kufungia vyakula vya kugandisha, yenye utando wa plastiki upande mmoja. Chora upande wa karatasi, kata, laza upande unaong'aa chini, kisha pitisha pasi kavu yenye joto la wastani kwa sekunde chache. Utando unalainika na kung'ang'ania kitambaa. Kazi ikiisha unabandua bila kuacha gundi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba visiwa unaweza kuvikata, kuvitoa, kisha kuvibandika mahali pake kimoja kimoja kwa pasi. Hakuna haja ya vijidaraja. Viandike namba, la sivyo utakaa na vipande sita mkononi usijue kipi ni cha wapi.

Usiichanganye na karatasi ya kuokea. Ile haina utando wa kushika.

Plastiki nyembamba, hata ya jalada la faili, hudumu kwa fulana nyingi, ila haishiki kitambaa: lazima uibane kwa utepe na kuikandamiza kwa vidole pale unapopaka. Karatasi ya kawaida inalowa na kujikunja. Kadibodi nyembamba inakubali kazi moja, mbili.

Nikate vipi bila kuharibu?

Wembe uwe mpya. Wembe butu hurarua, na kila mraruko utaonekana kwa rangi. Anza na matundu madogo, malizia na makubwa, maana karatasi hudhoofika kadiri unavyoitoboa. Kwenye mpindo, mkono wa kisu utulie na mkono mwingine uizungushe karatasi. Mipindo ya makombe ya nanga haipatikani kwa njia nyingine. Kwenye kona pitisha kisu mbele ya kona kwa unywele mmoja, kila upande, ndipo kipande kitoke chenyewe. Vidole vya mkono unaoshika visikae kwenye njia ya kisu.

Ukikata kijidaraja kwa bahati mbaya, kipande cha utepe juu na kingine chini, kisha kata upya.

Mchoro uukalishe wapi?

Kunja fulana katikati kwa urefu, mshono wa bega juu ya mshono wa bega, upige pasi mkunjo. Huo ndio mstari wako wa katikati. Ncha ya juu ya mchoro ikae sentimita 7 hadi 8 chini ya ukosi kwa mtu mzima, na upana wa sentimita 20 hadi 25 unatosha. Kosa la kawaida ni kuuweka chini mno, ukaishia tumboni. Kabla ya kubandika, ivae ukiwa umeibana karatasi kwa pini, ujitazame kwenye kioo. Dakika mbili hizo zina faida kuliko rula.

Rangi inavuja chini ya stensili. Nifanyeje?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na jibu lake ni fupi: rangi ni nyingi mno.

Chovya ncha tu ya brashi au sifongo, kisha igongegonge kwenye kitambaa chakavu au kadibodi hadi ikaribie kuonekana kavu. Hapo ndipo uiguse fulana. Brashi isimame wima, ushuke na kupanda, usivute kama unayefagia. Ukivuta, nywele zinaingia chini ya ukingo na kubeba rangi pamoja nazo. Anza juu ya karatasi yenyewe, ingia kwenye tundu ukitokea ukingoni kuelekea katikati. Mkono wa kwanza, yaani upakaji wa kwanza, utaonekana hafifu na wenye madoadoa. Uache ukauke dakika 10 hadi 15, rudia. Mikono miwili au mitatu myembamba inatoa ukingo kama wa chapa, na nguo inabaki laini. Mkono mmoja mnene unavuja, kisha unapasuka.

Kama kitambaa chako kina uso wa kukwaruza, kuna mbinu moja zaidi: mkono wa kwanza kabisa upake kingo kwa kile kimiminika cha kuchanganyia, kikiwa peke yake bila rangi, uache ukauke. Kitakachovuja kitakuwa hicho, nacho hakionekani, na njia zote zitakuwa zimezibwa kabla rangi haijafika.

Mistari ya kibaharia je, nayo ni stensili?

Ndiyo, utepe wa karatasi ni stensili tosha. Fulana ya mistari iliingia kwenye sare ya jeshi la maji la Ufaransa kwa amri ya tarehe 27 Machi 1858, na vipimo vyake viliandikwa: mistari 21 myeupe ya milimita 20, na mistari 20 au 21 ya bluu ya milimita 10. Yaani bluu ni nusu ya nyeupe. Uwiano huo ndio siri ya sura yake. Ukiifanya mistari kuwa sawa, fulana inazidiwa na bluu na kuwa nzito machoni.

Kwa hiyo bandika tepe za upana wa sentimita 2, ukiacha nafasi za sentimita 1 kati yake. Pima kutoka pindo la chini kwenda juu, kwa sababu ukosi umepinda na utakudanganya. Usiivute fulana unapobandika. Ikirudi, mistari itajikunja. Utepe ubandue rangi ikiwa bado na unyevunyevu kidogo, polepole, ukiuvuta kwa kujikunjia wenyewe.

Naweza kuandika jina kwa bendera za meli?

Unaweza, na kwangu hili ndilo pambo zuri kuliko yote. Kanuni ya kimataifa ya ishara, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa Uingereza mwaka 1857, ina bendera 26 za herufi, zenye rangi tano tu: nyekundu, bluu, njano, nyeusi na nyeupe. Nyingi ni miraba, misalaba na mistari, kwa hiyo utepe na rula vinatosha.

Chukua jina Ali. A ni nyeupe upande wa mlingoti na bluu upande wa pili, ukingo wa nje ukiwa umekatwa kama mkia wa mbayuwayu. L ni miraba minne, njano na nyeusi zikipishana, njano ikianza juu kushoto. I ni njano yenye duara jeusi katikati. Tatizo liko kwenye A: nyeupe yake itapotea kwenye fulana nyeupe. Ama izungushie mstari mwembamba wa bluu, ama tumia fulana ya kijivu. Herufi zisizo na nyeupe kabisa ni B, D, E, G, I, K, L, O, Q, R, Y na Z. Jina lililojengwa kwa hizo linakaa vizuri kwenye fulana nyeupe bila ujanja wowote.

Jambo moja tu. Bendera hizi zina maana zikisimama zenyewe: O ni mtu ameanguka baharini, U ni mnaelekea kwenye hatari, na N juu ya C ni wito wa dhiki. Kwenye fulana hakuna atakayeleta boya, lakini ni vyema ujue umevaa nini.

Fulana yangu ni nyeusi au bluu iliyoiva. Inawezekana?

Tumia rangi ya kitambaa isiyopenya mwanga. Chupa itasema ni kwa vitambaa vyeusi. Ukitaka nyekundu au njano ing'ae, paka nyeupe kwanza kupitia stensili ileile, ikauke, ndipo rangi yako ifuate.

Wengine hutumia dawa ya kupausha nguo, ile wengi huiita jiki, ili kuitoa rangi ya kitambaa badala ya kuiongeza. Inafanya kazi kwenye pamba tu. Poliesta haipauki, na nyuzi za kuvutika huharibika. Nyeusi mara nyingi hugeuka kuwa ya kahawia au rangi ya machungwa, si nyeupe. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na siki wala kisafishio chenye amonia, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Rangi ikishageuka unavyotaka, suuza mara moja kwa maji mengi baridi.

Kwa nini mchoro ulitoka nilipofua?

Haukupigwa pasi, au ulifuliwa mapema. Rangi nyingi za kitambaa zinahitaji joto ili zishike. Acha ikauke saa 24, geuza fulana ndani nje au tandaza kitambaa chembamba juu ya mchoro, kisha piga pasi kavu, bila mvuke, kwa joto la pamba, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, ukiisogeza pasi muda wote. Muda kamili uko kwenye chupa, na chupa ndiyo ifuatwe. Kisha subiri angalau siku tatu kabla ya kuifua.

Baada ya hapo ifue ikiwa ndani nje, kwa maji baridi au yasiyozidi nyuzi 30, uianike kivulini. Usisugue juu ya mchoro.

Tone limeanguka pasipotakiwa. Nimeharibu?

Likiwa bichi, weka kitambaa chini, liguseguse kwa sifongo lenye maji na sabuni kidogo, ukitokea nje kuingia ndani ili lisitambae. Likishakauka, pamba yenye spiriti huweza kulilegeza, lakini kivuli mara nyingi hubaki. Hapo ligeuze: tone chini ya nanga linakuwa povu ukiliongezea mengine matatu, tone juu linakuwa ndege. Ongeza kitu kimoja tu. Nimeona fulana nzuri zikijazwa samaki kwa ajili ya kuficha doa dogo kuliko punje ya mtama.

Watoto wanaweza kushiriki?

Kukata na pasi ni kazi ya mtu mzima. Kuchagua mchoro, kubandika utepe na kugongagonga sifongo ni zao, na sifongo ni bora kwao kuliko brashi kwa sababu haiwashawishi kuvuta. Wape rangi kidogo kwenye kisahani. Wakipewa chupa wataimwaga yote.

Stensili naweza kuitumia tena?

Ya plastiki, mara nyingi, ukiiosha kabla rangi haijakauka na kuihifadhi ikiwa imelazwa bapa. Ya karatasi ya friza hukubali kubandikwa mara mbili, pengine tatu, hadi utando uchoke. Ukiona kona haishiki tena, ichore upya kwenye plastiki kabla haijachanika.